Mgeni Apokewe Barazani: Rai Kuhusu Kivinjari na Nyaraka za Watu

Katika kata ya Njoro, mjini Moshi, kama ilivyo katika kata nyingi za miji yetu, kompyuta ya mtaani si chombo cha mtu mmoja. Hukaa juu ya meza katika duka dogo la uchapaji na fotokopi, lile ambalo wenyeji huliita steshenari, na kutwa huwahudumia watu wasiojuana. Asubuhi huja mzazi atakaye kuona matokeo ya mtihani ya mwanawe. Adhuhuri huja kijana aliyeteremka kutoka Kibosho au Old Moshi ili kuomba mkopo wa elimu ya juu. Jioni huja mwenye kibanda cha sokoni anayetafuta namba ya mlipa kodi. Kila mmoja huja na karatasi zake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, barua ya mtendaji wa kata, pengine na hati ya hospitali. Karatasi hizo huskaniwa na kutumwa zinakotakiwa. Lakini nakala zake husalia ndani ya kompyuta, kwa kuwa karani hana wasaa wa kuzifuta, na kwa kuwa mwenyewe huenda akarudi kesho kuziulizia.

Siku moja nami nilikuwa mteja katika duka la namna hiyo. Karani, kijana mwenye adabu na mchapakazi, aliniachia kiti chake akaniambia, "Mzee wangu, kaa hapa uambatishe barua yako mwenyewe, nami nimhudumie mama huyu wa fotokopi." Nilibonyeza kitufe cha kuambatisha, na kivinjari, yaani ile programu tunayoitumia kusomea kurasa za intaneti, kikanifungulia orodha ya faili ili nichague yangu. Kabla sijaiona yangu niliyaona majina ya watu. Yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti, la kwanza hata la mwisho, na kando ya kila jina maelezo mafupi: kitambulisho, talaka, mkopo wa benki, majibu ya vipimo. Wawili kati ya watu hao ni jirani zangu. Sikuvunja kufuli lolote, wala sikuwa na ujuzi wa pekee. Nilibonyeza tu kitufe kile kile ambacho kila mteja hukibonyeza.

Kompyuta ile ilikuwa ikitumia Linux, na karani alijivunia jambo hilo. Nilipomweleza nilichokiona, alinijibu kwa kunituliza, "Hii haina virusi, mzee." Alikuwa amesema neno lenye ukweli ndani yake, lakini halikuwa jibu la swali langu.

Hoja ya makala haya ni moja. Kivinjari ni mlango ambao kwao watu tusiowajua huingia katika kompyuta zetu, na kwa hiyo hakistahili kuendeshwa kwa jina na mamlaka ya mtu anayetunza nyaraka za wengine. Kinapaswa kuendeshwa na mtumiaji mwingine, mwenye ruhusa chache, asiyeweza kuziona nyaraka hizo. Katika Linux jambo hili halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka mbali. Linahitaji nusu saa, na nia.

Programu haina jina lake

Ili kuielewa hoja hii, yafaa kwanza tutazame namna Linux inavyotoa ruhusa. Kila mtumiaji wa kompyuta hupewa namba. Mtumiaji mkuu, mwenye uwezo wa kufanya lolote, ana namba 0. Watumiaji wa kawaida, katika matoleo kama Debian na Ubuntu, huanzia namba 1000. Kila faili nayo ina mwenyewe, na hubeba ruhusa za aina tatu: kusoma, ambayo huhesabiwa 4, kuandika, ambayo huhesabiwa 2, na kuendesha, ambayo huhesabiwa 1. Ruhusa hizo huwekwa mara tatu: kwa mwenye faili, kwa kikundi chake, na kwa watu wengine wote. Faili yenye alama 640, kwa mfano, yaweza kusomwa na kuandikwa na mwenyewe, kusomwa tu na kikundi chake, na kutoguswa kabisa na wengine.

Huu ni utaratibu mzuri, lakini una jambo ambalo wengi hawalitambui. Programu haina jina lake yenyewe. Karani anapoifungua programu, programu hiyo huvaa namba ya karani, na mbele ya mfumo huwa ndiyo karani. Mfumo hauulizi kama faili ya talaka inaombwa na mkono wa karani au na ukurasa wa intaneti uliotoka ng'ambo. Huuliza namba tu. Ikiwa namba ni ya mwenye faili, faili hutolewa.

Kwa programu nyingi jambo hili halina madhara makubwa. Programu ya kuchapia barua hushughulikia barua zetu wenyewe. Lakini kazi ya kivinjari ni kuleta ndani vitu vya watu wengine. Kila ukurasa tuufunguao huleta maandishi, picha, na pia maagizo ambayo kompyuta yetu huyatekeleza pale pale: maagizo yaliyoandikwa na mwenye tovuti, na mara nyingi na watangazaji wa biashara ambao hata mwenye tovuti hawajui. Huyu ni mgeni, tena mgeni aliyekuja na wageni wake. Kumpokea ni lazima, maana bila yeye hakuna matokeo ya mtihani wala mkopo wa masomo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo hawakusema kwamba mgeni akifika akabidhiwe ufunguo wa chumba cha ndani. Hupokewa barazani, akaletewa kiti na maji ya kunywa, na heshima yake haipungui kwa sababu hakuonyeshwa kabati la nguo.

Tulipokea mashine, mjadala haukufika

Yafaa tujiulize ni kwa nini desturi hii haikuzoeleka kwetu. Sababu yake imo katika historia.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo wa Unix, ambao Linux ilikuja kuufuata kwa umbo na desturi. Kompyuta za siku zile zilikuwa ghali mno, na mashine moja ilitumiwa na watu wengi. Kwa hiyo suala la nani aone nini lilikuwa la kila siku. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala iliyopanga kanuni za kulinda habari ndani ya kompyuta. Moja ya kanuni hizo yasema kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi yake kwa kiasi kidogo kabisa cha mamlaka kinachotosha kuimaliza kazi hiyo.

Wakati mjadala huo ukiendelea, sisi tulikuwa njia nyingine. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Sikusudii hapa kuhukumu uamuzi ule, ambao ulikuwa na sababu zake kwa nchi iliyokuwa ikihesabu kila senti ya fedha za kigeni. Nasema tu kwamba milango ilipofunguliwa baadaye, kilichoingia kwa wingi kilikuwa kompyuta ya aina nyingine: kompyuta ndogo ya mezani, iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mmoja, ambayo mifumo yake ya awali haikuwa na kuta za kuwatenganisha watumiaji. Tulijifunza kompyuta kwa kuzoea kwamba aketiye kwenye kiti ndiye mwenye vyote. Tulipokea mashine, lakini mjadala uliotangulia haukuja nayo.

Hali halisi ya Njoro haifanani na mazoea hayo. Kompyuta ya steshenari hutumiwa na watu wengi kama ilivyokuwa ile ya mwaka 1969, lakini hutawaliwa kana kwamba ina bwana mmoja. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland, ilizaliwa na kuta zote za Unix ndani yake. Nayo inazidi kuonekana katika maduka yetu, kwa kuwa haina bei na huendesha vizuri mashine zilizochakaa. Na tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wana sababu zaidi ya kuihamia. Kuta zimo ndani ya nyumba. Tatizo ni kwamba tumeiacha milango yote wazi, tukaishi kama vile hazimo.

Kwa watu wa Kilimanjaro kanuni ile ya mwaka 1975 haipaswi kuonekana ngeni. Mifongo, ile mifereji iteremshayo maji kutoka mitoni hadi vihambani, iliendeshwa kwa kanuni iyo hiyo karne nyingi kabla ya kompyuta. Kila mwenye kihamba alikuwa na zamu yake, na katika zamu hiyo alifungua tawi lake la mfereji, akamwagilia migomba yake, kisha akaliziba. Hakuna aliyepewa mamlaka juu ya banio la juu eti kwa sababu tu alikuwa na kiu ya kumwagilia. Hili halikuwa suala la kumdhania jirani ubaya. Wazee walijua kwamba mtu mmoja akikosea kwenye banio, wote wa chini hukauka, na akikosea katika tawi lake, hasara ni yake peke yake.

Fundisho la mwaka 2015

Wako watakaosema kwamba hatari ninayoieleza ni ya kufikirika. Basi na watazame yaliyotokea Agosti 2015. Tarehe 6 ya mwezi huo shirika la Mozilla, lenye kutengeneza kivinjari cha Firefox, lilitangaza kwamba siku iliyotangulia mtumiaji mmoja alikuwa amelijulisha juu ya tangazo la biashara lililokuwa katika tovuti moja ya habari nchini Urusi. Tangazo hilo lilikuwa likitumia kasoro iliyokuwamo katika sehemu ya Firefox inayosoma nyaraka za PDF. Aliyefungua ukurasa hakuhitaji kubonyeza chochote. Tangazo lilitafuta faili za siri ndani ya kompyuta yake na kuzituma kwa mtambo wa mbali, wala halikuacha alama yoyote ya kuonyesha kwamba lilipita.

Katika kompyuta za Linux tangazo lile lilifuata mpango maalumu. Kwanza lilisoma orodha ya watumiaji wote. Kisha liliingia katika folda ya kila mtumiaji ambayo liliruhusiwa kuifikia, likatafuta kumbukumbu za amri zilizokwisha kuandikwa, funguo za kuingilia mitambo mingine, na faili ambazo majina yake yalidokeza kuwa zina nywila.

Ndugu msomaji, yatafakari maneno haya: ambayo liliruhusiwa kuifikia. Mwizi yule hakuivunja Linux. Hakupata uwezo wa mtumiaji mkuu, wala hakuuhitaji. Alizisoma faili kwa ruhusa halali ya mtu aliyefungua kivinjari. Ulinzi unaosifiwa wa Linux ulifanya kazi yake barabara: uliulinda mfumo dhidi ya mtumiaji. Lakini mfumo waweza kusakinishwa upya kwa saa moja, ilhali hati ya talaka ikishatoka haisakinishwi upya. Lau kivinjari kingekuwa kinaendeshwa na mtumiaji mwingine, na folda ya mwenye nyaraka ikawa imefungwa, mwizi angekuta rafu tupu.

Kasoro ile ilirekebishwa upesi, na vivinjari vya leo vina kuta zao za ndani. Chrome, tangu ilipotolewa mwaka 2008, huzitenga kurasa katika vyumba vyenye uwezo mdogo, na Firefox ilikuja kufanya vivyo hivyo. Hizo ni hatua za kushukuriwa. Lakini ukuta uliojengwa na kivinjari hulindwa na kivinjari chenyewe, na kasoro ikiingia humo, ukuta huanguka pamoja na mlinzi wake. Ukuta wa namba za watumiaji hulindwa na kiini cha mfumo, ambacho hakina habari na kurasa za intaneti. Mwenye busara huwa na vyote viwili. Hata Ubuntu, ambayo tangu toleo la Aprili 2022 hutoa Firefox katika kifurushi chenye mipaka yake, humruhusu mgeni huyo kwa kawaida kuzisoma faili zisizofichwa za folda ya mtumiaji. Vyeti vya watu wa Njoro havifichwi. Vimo humo humo.

Simu yako imekwisha kukubali

Hoja nyingine nimeisikia mara nyingi: kwamba utaratibu huu ni wa wataalamu, na mwananchi wa kawaida hauwezi. Jibu lake limo mfukoni mwa msemaji. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na ndani yake kila programu inaposakinishwa hupewa namba yake ya mtumiaji, kuanzia 10000. Programu ya benki ni mtumiaji mmoja, kivinjari ni mwingine, mchezo wa mtoto ni mwingine. Ndiyo sababu mchezo hauwezi kuchungulia faili za ndani za programu ya benki. Mfumo huwaona kama watu wawili tofauti. Mama auzaye ndizi sokoni anaishi chini ya kanuni ya mwaka 1975 kila anapoishika simu yake, wala hajaombwa kuwa mtaalamu. Ajabu ni kwamba simu yenye nyaraka za mtu mmoja ina kuta hizo, na kompyuta yenye nyaraka za mtaa mzima haina.

Namna ya kutenda

Nitaeleza sasa hatua zenyewe, ili isionekane kwamba nasema maneno matupu.

Kwanza, iongezwe akaunti mpya ya mtumiaji. Tuiite mgeni. Katika Debian na Ubuntu amri ni sudo adduser mgeni. Wasiopenda kuandika amri wataikuta kazi hiyo katika dirisha la mipangilio ya watumiaji. Akaunti hii iwe ya kawaida, isipewe uwezo wa kusakinisha programu wala kubadili mfumo.

Pili, folda ya karani ifungwe. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kuwa akaunti ya pili peke yake inatosha. Katika matoleo ya Ubuntu ya kabla ya Aprili 2021, folda ya kila mtumiaji iliachwa ikiweza kusomwa na watumiaji wengine wote. Kwa hiyo, ikiwa akaunti ya kutunzia nyaraka inaitwa karani, iandikwe amri chmod 700 /home/karani. Kwa hesabu tuliyoiona, 7 ni jumla ya 4, 2 na 1, yaani ruhusa zote kwa mwenyewe. Na sufuri mbili zinazofuata zawanyima wengine zote. Baada ya hapo mtu aingie kwa jina la mgeni na kujaribu kuifungua folda hiyo. Akikataliwa, kazi imefanyika. Kinga isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Tatu, iwepo folda ya kupokezana, nje ya folda ya karani, ambayo akaunti zote mbili zaweza kuifikia. Karani huweka humo nyaraka za mteja aliye mbele yake tu. Mteja akimaliza, folda huondolewa kila kitu. Yule ajaye nyuma yake, afunguapo orodha ya faili, ataona za kwake peke yake.

Nne, kivinjari kifunguliwe katika akaunti ya mgeni pekee, na hata karani mwenyewe, atakapo kusoma habari au kutazama mpira, ahamie huko. Asikifungue kivinjari cha mgeni kama dirisha ndani ya kikao chake mwenyewe. Mfumo wa zamani wa madirisha uitwao X, ulioanza mwaka 1984, huziruhusu programu zilizo kwenye kioo kimoja kusikiliza vibonyezo vya kibodi vya programu nyingine, hata kama namba za watumiaji ni tofauti. Mfumo mpya wa Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008, umeliziba pengo hilo, lakini mashine nyingi za zamani bado zinatumia X. Njia ya salama ni kubadili mtumiaji kabisa.

Mipaka ya kinga hii

Mwandishi wa mambo ya sayansi hapaswi kuuza dawa ya kutibu kila ugonjwa. Utaratibu huu hauzuii mteja kudanganywa na tovuti ya uongo akaandika nywila yake kwa mkono wake. Hauzuii anayefuata kuikuta akaunti ya barua pepe ya aliyetangulia ikiwa wazi. Kwa hiyo kila mteja anapoondoka, historia ya kivinjari ifutwe na akaunti zake zifungwe. Haumzuii karani mwovu, kwani nyaraka zi mikononi mwake. Wala hauondoi haja ya kusasisha mfumo, maana kasoro ya kiini chenyewe yaweza kuvunja hata ukuta huu.

Lipo pia suala la usumbufu, nalo sitalibeza. Saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika nje na mwisho wa kuomba mikopo ni kesho, kubadili mtumiaji ni kazi ya ziada. Karani atashawishika kuiruka, na mwenye duka atamsamehe. Lakini tuupime usumbufu huo kwa haki. Ni sekunde chache kwa kila mteja, nazo zinalipwa na mtu ambaye amepokea ada ya kazi. Upande wa pili wa mizani yumo binti ambaye majibu yake ya hospitali yameonwa na jirani, au mzee ambaye kitambulisho chake kimetumiwa kuombea mkopo asioujua. Hao hawakuulizwa kama wanakubali kuuokoa muda wa karani.

Wajibu wetu

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu aingiaye katika kompyuta bila haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, huwataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa za watu kuzilinda. Lakini mahakama huja baada ya hasara, na mimi siku ile dukani sikuvunja sheria yoyote. Niliyaona majina yale kwa sababu niliketishwa mahali yanapoonekana. Hakuna hakimu awezaye kufanya kazi ambayo ingefanywa na akaunti ya pili.

Kwa hiyo natoa rai kwa pande tatu. Wenye maduka ya uchapaji, na wakuu wa shule na wa vyama vya ushirika ambao kompyuta zao hutumiwa na wengi, watenge akaunti ya kutunzia nyaraka na akaunti ya intaneti, na wasione kuwa ni jambo la anasa. Vyuo vinavyofundisha kompyuta, hapa Moshi na kwingineko, viweke zoezi hili katika wiki ya kwanza ya masomo, kabla ya mwanafunzi kufundishwa kupamba barua, ili likae naye kama desturi na si kama kanuni ya kukariri. Nasi wateja tuulize. Swali moja latosha: "Nyaraka zangu zitabaki wapi, na nani ataziona?" Fundi cherehani huulizwa kitambaa kilichobaki, kwa nini asiulizwe mwenye kompyuta?

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kuzungumza Kiswahili. Mwaka 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, katika njia ya kwendea kilele cha Kilimanjaro. Maneno ya mashine tumekwisha kuyatafsiri, na nyaya na minara imekwisha kupanda mlima. Kilichobaki ni adabu ya nyumba, na hiyo hatuhitaji kuiagiza kutoka ng'ambo, kwa kuwa tulikuwa nayo tangu zamani.

Nilirudi katika duka lile baada ya majuma mawili, tukaketi na yule kijana baada ya saa za kazi. Kazi yote ilituchukua muda mfupi kuliko chai tuliyoagiza. Alipojaribu kuifungua folda yake kwa jina la mgeni, kompyuta ilimkatalia kwa sentensi moja fupi. Aliitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa inangoja kuambiwa tu."